Sanduku la Nkambo: Tusilichome, Tusiliuze, Tusilitukuze



Siku chache baada ya kumzika babu yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita nkambo kama ilivyo desturi yetu Katanga, familia ilikusanyika nyumbani kwake Lubumbashi ili kugawana vitu alivyoviacha. Nguo ziligawanywa bila shida. Redio ilikwenda kwa mwanawe wa mwisho. Kisha likavutwa kutoka chini ya kitanda sanduku la bati la rangi ya kijani, ambalo lilikuwapo pale tangu kabla sijazaliwa. Lilipofunguliwa, ugomvi ukaanza.

Ndani yake mlikuwa na vitu vitano tu: kofia ya kijeshi iliyoliwa na nondo, kitambulisho cha Jeshi la Anga la Zaire, picha moja, kulabu ya chuma iliyoshonewa kwenye kipande cha mkanda, na daftari lenye jalada gumu.

Shangazi yangu alisema vitu hivyo vichomwe usiku uleule. Alikuwa ametoka katika kesha la sala, na alikuwa ameshawishika kwamba vitu vya vita vina damu, na kwamba magonjwa na ukosefu wa kazi katika ukoo wetu vinatoka humo sandukuni. Binamu yangu alisema viuzwe, maana alikuwa ameona katika intaneti kwamba kuna watu Ulaya wanaolipa fedha nyingi kwa vitu vya majeshi ya zamani. Baba mdogo alisema kitambulisho na picha viwekwe katika fremu na kutundikwa ukutani, ili kila mgeni ajue kwamba sisi ni wazao wa shujaa.

Nimeandika ukurasa huu kwa sababu sikukubaliana na hata mmoja kati ya hao watatu, na kwa sababu najua kwamba katika nyumba zenu pia kuna masanduku ya namna hiyo. Wengi wenu mna babu au baba aliyevaa sare, ama ya Zaire, ama ya wale walioitwa waasi, ama ya majeshi yaliyokuja baadaye. Siku moja ninyi ndio mtakaokaa katika duara na kuulizwa: tufanye nini na vitu hivi?

Nianze na kitambulisho. Jina lililoandikwa pale silo jina ambalo nkambo alibatizwa nalo. Mwanzoni mwa mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwenye asili, Rais Mobutu aliamuru Wazaire waache majina ya Kikristu na kuchukua majina ya mababu. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga mwelekeo huo, na akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Nkambo alikuwa askari. Hakuwa na Roma ya kukimbilia. Jina lake la ubatizo liliondolewa katika karatasi zake zote. Lakini nyuma ya kitambulisho, kwa kalamu ya risasi na kwa herufi ndogo sana, ameandika: Petro. Askari aliyekuwa akisalimu bendera kila asubuhi aliibeba herufi hizo tano mfukoni kwa miaka mingi. Je, tukikichoma kitambulisho hicho, tutakuwa tumechoma laana, au tutakuwa tumechoma ungamo la imani?

Picha inamwonyesha akiwa amesimama chini ya bawa la ndege kubwa ya uchukuzi, aina ya C-130, ambayo watu wengi huiita Hercules. Hakuwa rubani. Kazi yake ilikuwa kupakia: kupanga mizigo na watu ndani ya ndege, kukadiria uzito, kufunga mikanda, na kuhakikisha kwamba hakuna kitu kitakachosogea angani na kuiangusha ndege. Ndiyo maana alikuwa na daftari. Lina safu nne zilizochorwa kwa rula: tarehe, safari, idadi ya watu, kilo.

Na kulabu? Hapo ndipo lazima nizungumze juu ya Kolwezi.

Alfajiri ya Jumamosi, Mei 13, 1978, wapiganaji wa FNLC waliokuwa wametoka Angola na kupitia Zambia waliuvamia mji wa Kolwezi, mji wa shaba na kobalti, katika jimbo ambalo wakati ule liliitwa Shaba. Viongozi wao na wengi wa wapiganaji walikuwa na mizizi katika wale askari wa Katanga waliokimbilia Angola katika miaka ya sitini. Hata ndege za kijeshi zilizokuwa zimeegeshwa katika uwanja wa Kolwezi ziliharibiwa. Kwa muda wa wiki moja mji ulikuwa mikononi mwao, na watu waliuawa, Waafrika na Wazungu.

Ijumaa, Mei 19, ndege za C-130 za Zaire, pamoja na ndege ya Ufaransa ya aina ya Transall, ziliondoka Kinshasa zikiwa zimewabeba askari wa miavuli wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa, waliotoka Calvi, katika kisiwa cha Korsika. Hawakuwa na miavuli yao wenyewe. Walipewa miavuli ya Kimarekani iliyokuwa ya jeshi la Zaire, ambayo hawakuizoea, na iliwabidi wafunge mizigo yao kwa kamba na waya. Ndege zilijazwa kupita kiasi. Baada ya safari ya saa nyingi, watu wapatao 400 waliruka juu ya Kolwezi alasiri ile. Siku iliyofuata wengine wakaruka, na askari wa Ubelgiji wakatua katika uwanja wa ndege.

Askari wa mwavuli anaporuka, kuna mkanda uliofungwa kwa kulabu kwenye waya ulionyoshwa ndani ya ndege. Mkanda huo ndio unaoufungua mwavuli wake. Yeye huenda, mkanda na kulabu hubaki. Baada ya mtu wa mwisho kutoka, mikanda yote huwa inapeperuka nje na kupiga ubavu wa ndege, na ni kazi ya watu wa ndani kuivuta irudi. Nkambo alikuwa miongoni mwa walioivuta. Kulabu iliyo katika sanduku ni moja ya zile alizozivuta siku ile.

Haya yote alinieleza mara moja tu, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, siku ambayo mvua ilitufungia ndani. Alilifungua sanduku mwenyewe na kuniwekea daftari mapajani. Nilifika kwenye ukurasa wa mwezi wa tano, 1978. Nikaona safari za kwenda, nikaona safari za kurudi, na ndani ya safari za kurudi nikaona idadi ya watu, ndege kwa ndege. Nikamwuliza: «Nkambo, hawa watu walikuwa nani?»

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: «Mwanangu, mimi niliandika uzito. Majina hayakuwa kazi yangu.»

Sikumwuliza zaidi. Nilidhani nitarudi siku nyingine. Nilikuwa na shughuli, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nilikuwa na mikutano ya kikundi, hata mikutano ya kuwafundisha vijana kuwaheshimu wazee! Kisha akapatwa na ugonjwa uliomnyang'anya maneno. Ninalo daftari, lakini sinaye tena mtu wa kulisoma pamoja nami. Hilo ni kosa langu, wala silifichi.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hadithi hii haiishii ndani ya sanduku.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kolwezi hadi leo. Mwaka 1978 alikuwa mama kijana katika mtaa wa Manika. Baada ya ile siku ya mvua, nilisafiri kwenda kumwona, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza juu ya wiki ile. Aliniambia kwamba Jumapili, Mei 14, ilikuwa Pentekoste, na kwamba waliikaa siku nzima milango ikiwa imefungwa, bila Misa, watoto wakiwa chini ya kitanda na maji yakiwa yamebaki ndoo moja. Aliniambia kwamba kaka yake mkubwa alikuwa amekwenda Angola pamoja na wale askari wa Katanga, na kwamba kila waliposikia hatua za viatu mlangoni hawakujua kama ni adui au ni mtoto wa nyumba anayerudi. Hakurudi wakati ule, wala baadaye.

Kisha akaniambia juu ya Ijumaa alasiri. Alisikia ngurumo ya ndege kubwa zikipita chini chini. Hakujua kama zingeangusha watu au mabomu. Akamlaza mama yangu, aliyekuwa na umri wa miaka sita, sakafuni, akamfunika kwa mwili wake.

Fikirini jambo hilo. Babu yangu mmoja alikuwa juu, akivuta mikanda kuirudisha ndani ya ndege. Bibi yangu alikuwa chini, amemlalia mtoto ambaye angekuwa mama yangu. Walisikia ngurumo ileile. Miaka kumi na mitatu baadaye wakawa wakwe; wakala sahani moja kwenye harusi ya wazazi wangu, wakacheza, wakapiga picha. Na hawakupata kamwe kuzungumza juu ya siku ile. Bibi hakujua kwamba nkambo alikuwamo ndani ya zile ndege hadi mimi nilipomwambia. Alitikisa kichwa tu, akasema: «Kumbe alikuwa yeye.»

Aliniambia pia jambo lililofuata. Waasi walipoondoka, wakaaji wa mtaa walitazamwa kama washirika wao. Kijana wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amemaliza tu shule, alichukuliwa na watu wenye silaha, na mama yake alimngoja mpaka akafa.

Wazungu waliouawa Kolwezi walizidi 120, na vifo vyao viliandikwa katika magazeti ya dunia nzima, na ilikuwa haki viandikwe. Askari wa Ufaransa walipoteza wenzao watano, na mwaka 1980 filamu ilitengenezwa Ufaransa juu ya kuruka kwao. Lakini Waafrika waliokufa walikuwa mamia, na mpaka leo hesabu yao inabishaniwa. Mtu ambaye hesabu yake inabishaniwa, jina lake litajulikana wapi?

Kwa hiyo nawajibu sasa wale watatu wa familia yangu, na kwa njia yao nawajibu wengi.

Kwa shangazi nasema: chuma hakina dhambi. Imani yetu haitufundishi kuiogopa kulabu. Kama kuna kitu kinachotesa ukoo wetu, si mkanda uliozeeka, bali ni kimya kilichouzunguka. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kuchoma ni rahisi. Moshi ukishapanda, hakuna tena atakayeuliza. Ninaogopa sana mafundisho ya siku hizi yanayowafanya vijana wamtazame babu yao kama mchawi na vitu vyake kama hirizi, kabla hawajamwuliza hata swali moja. Kama moyo wako hauna amani, mwite padri abariki nyumba, mwombee marehemu, toa nia ya Misa. Lakini usichome ushuhuda.

Kwa binamu nasema: najua njaa ni nini. Nkambo mwenyewe alikufa akiwa na bahasha ya karatasi za kudai malipo ya uzeeni, muhuri juu ya muhuri, bila kupata jibu. Kwa hiyo simdharau anayetaka kuuza. Lakini mnunuzi wa mbali atanunua chuma. Hatanunua jina Petro lililoandikwa nyuma, kwa sababu kwake halina bei. Tutapata fedha za mwezi mmoja, na watoto wetu watakosa swali la kuuliza maisha yao yote.

Kwa baba mdogo, ambaye nia yake ni njema kuliko zote, nasema kwa heshima: ukuta haujui kusimulia pande mbili. Kitambulisho katika fremu kitasema «shujaa», na mgeni anayetoka Manika atakaa chini yake akinywa chai huku moyo wake ukichomwa. Tena, majina ya vita hayadumu. Wale walioitwa waasi mwaka 1978, wengine wao na watoto wao, walirudi mwaka 1997 wakiwa upande wa washindi, na nchi iliyoandikwa juu ya kitambulisho cha nkambo ikafutwa: Zaire ikawa tena Kongo. Aliyekuwa shujaa akawa askari wa utawala ulioangushwa, na aliyekuwa mhalifu akawa mkombozi. Je, tungebadilisha fremu kila utawala unapobadilika?

Sisemi kwamba mambo yote ni sawa. Kuua watu wasio na silaha ni dhambi, yeyote aliyetenda na bendera yoyote aliyoibeba. Nasema kwamba kitu cha kumbukumbu hakikuachwa ili kitupe fahari, wala ili kitutie hofu. Kiliachwa ili tuulize. Kumbukeni kitabu cha Yoshua: Waisraeli walipovuka Yordani waliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha, ili siku moja watoto wawaulize baba zao maana yake. Mawe yale peke yake hayakusema neno. Yalimhitaji mtoto anayeuliza, na mzee ambaye bado yu hai wa kujibu. Akikosekana mmoja, mawe ni mawe tu.

Na hili si jambo la zamani tu. Huko Kivu na Ituri, vijana wa rika lenu wanaitwa kushika silaha, na wengine wanalazimishwa. Wanaambiwa nani ni adui kwa maneno mafupi sana. Kijana aliyesikia hadithi ya pande zote mbili katika nyumba yake mwenyewe, anayejua kwamba babu yake alikuwa juu na bibi yake alikuwa chini, hadanganyiki upesi na maneno mafupi. Hiyo ndiyo faida ninayoitafuta, kupita faida ya kujua historia kwa ajili ya mtihani.

Nifanye nini, basi? mtauliza. Nawapeni ushauri wa mtu aliyechelewa.

Nendeni kwa wazee wenu sasa, msingoje matanga. Msianze na maswali makali. Usimwulize mzee aliyevaa sare aliwaua watu wangapi. Mwombe akuonyeshe kitu kimoja, na umwulize kilitoka wapi. Akinyamaza, kaa naye katika kimya chake. Pengine atarudi mwenyewe kwenye neno lile. Akisema jambo ambalo ni la kupelekwa kwa padri katika kitubio, msindikize, wala usilitangaze. Andikeni tarehe, mahali na majina. Msitume picha za vitambulisho vyao katika simu za watu. Na mkishasikia upande mmoja, tafuteni mtu wa upande wa pili, hata kama itabidi mpande basi kwenda mji mwingine.

Sanduku la nkambo sasa liko nyumbani kwa mama yangu. Halikuchomwa, halikuuzwa, wala halikutundikwa. Daftari lilikuwa na kurasa nyingi ambazo hazikuandikwa. Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa kumi, nililibeba hadi Kolwezi, nikakaa karibu na bibi, nikachora mistari kwa rula kama nkambo alivyokuwa akichora. Lakini safu ilikuwa moja tu: majina. Bibi alifumba macho na kuanza kutaja watu wa Manika aliowajua na ambao hawakuonekana tena baada ya wiki ile. Alitaja kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa yule kijana wa jirani. Wa mwisho alikuwa kaka yake, ambaye hajui alikufa wapi, wala akiwa na silaha mkononi au bila silaha.

Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, majina hayo kumi na moja yalisomwa katika Misa parokiani kwake. La kumi na mbili, kwa ombi la bibi mwenyewe, lilikuwa jina la mkwe wake. Alitaka lisomwe lile la ubatizo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika nyumba yetu kuna kitu gani cha kale ambacho hatujamwuliza mwenyewe habari zake? Ni nani ambaye bado yu hai na anaweza kutueleza?

2. Je, kuna watu katika mtaa wetu ambao familia zao zilikuwa upande mwingine katika vita fulani? Tumekwisha kuwasikiliza?

3. Kikundi chetu kinaweza kuandaa nini kwa ajili ya mwezi wa Novemba, ili marehemu wa vita wa parokia yetu, wa pande zote, waombewe kwa majina yao?